Kabati la Bibi Lipo

Siku shangazi alipokuja kuchukua kabati lake, baba alikuwa amelala juu yake.

Nieleze kwanza, maana mgeni akiingia kwetu huwa haelewi. Nyumbani kwetu kitu hakibadilishwi jina. Ndoo ikipasuka, mama huikata kwa kisu cha moto. Kitako kinawekewa maji ya kuku, ubavu ni wa kuzolea taka, na mshikio unatundikiwa taulo. Vyote vinabaki ndoo. Mama akisema "leta ndoo", unamtazama ameshika nini ndiyo ujue anataka ndoo ipi. Ameshika ufagio, ni ya kuzolea. Ametoka kuoga, ni ya taulo. Nimekulia humo nikaona ni kawaida, mpaka nilipoanza shule. Mwalimu alituuliza kila mmoja analalia nini nyumbani. Wenzangu wakasema kitanda, wengine mkeka, wengine godoro. Mimi nikasema nalalia gunia, na baba na mama wanalalia kabati. Mwalimu akamwita mama. Mama akaja, akasema ni kweli.

Desturi hii mama aliianza kwa woga. Alipoolewa alilikuta kabati la bibi, mama yake baba. Lilikuwa la mbao nzito, milango miwili na droo moja chini, vyote vya ufunguo mmoja. Bibi macho yalikuwa yameshamwishia na alikuwa halali popote ila chumba cha nyuma, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya kwetu sote. Kila asubuhi aliuliza kutoka huko huko alikolala, "Mkwe wangu, kabati langu lipo?" Mama akajibu, "Lipo, mama."

Mwaka mmoja mchwa wakaliingia kwa mgongoni. Mama alikuja kugundua wakati kabati limeshaanza kuegemea ukuta kama mtu aliyechoka. Akaazima msumeno, akakata kilichobaki kizima kabla hakijaliwa. Mbao za ubavuni zikawa kitanda. Mlango mmoja ukawa mlango wa bafu. Vipande vidogo vikaenda jikoni. Alipomaliza, akakaa katikati ya vumbi la mbao akawaza kesho asubuhi atajibu nini. Kumdanganya mgonjwa hakutaka. Kumwambia kweli hakuweza. Basi akaamua kila kipande kiendelee kuitwa kabati.

Bibi alipouliza asubuhi, mama akagonga ubao wa kitanda, ngo ngo ngo. "Lipo, mama. Sikia."

Bibi akasikiliza. "Bado gumu," akasema, akalala tena.

Kabati likiwa na haki hiyo, ndoo nayo ikaidai, na shuka, na gunia, na kila kilichochanika baada ya hapo. Bibi alipokaribia kufa aliwaita wote. Akasema, "Kabati apewe binti yangu. Mapazia yabaki kwa mkwe wangu." Akautoa ufunguo chini ya mto, akampa shangazi. Shangazi akautia uzi akauvaa shingoni. Hakuna aliyecheka, ingawa baba alikuwa amekaa juu ya nusu ya urithi huo.

Sasa nieleze habari yangu, halafu nirudi kwenye siku yenyewe.

Mimi nashona viraka. Nilimaliza shule ya msingi nikaenda kukaa miguuni pa fundi mzee, akanifundisha kugeuza kola ya shati iliyoliwa na shingo, ile ya ndani ije nje, na kupachika kiraka mpaka maua ya kitambaa yafuatane na mwenye nguo asikione. Alipoacha kazi alinipa cherehani yake ya miguu, kichwa na vyuma vya chini tu. Meza ilikuwa imeshaoza. Mama akanipa mlango wa pili wa kabati. Tukautoboa, kichwa kikakaa sawasawa kama kilizaliwa hapo, na ile droo ya chini ya kabati tukaifunga kwa skrubu chini ya mlango niwekee vifungo na bobini za nyuzi. Hilo ndilo kabati la kushonea. Bila hilo, cherehani yangu ni chuma cha kupakata.

Na wiki hiyo nilikuwa na kazi ya maisha yangu. Mwenye gesti alikuwa ameniletea mashuka yaliyochakaa katikati, pale wageni wanapolalia. Shuka kama hilo hulitupi. Unalipasua katikati kwa urefu, unachukua kingo mbili za pembeni ambazo hazijalaliwa na mtu, unaziunganisha ziwe katikati, na kule kulikochakaa kunakuwa pembeni, kunapindwa. Alinipa matano ya kujaribu. Akiridhika Jumamosi, mashuka yote ya gesti yanakuja kwangu, na mapazia pia. Nilikuwa nimeshamaliza mawili. Siku ilikuwa Alhamisi.

Basi Alhamisi hiyo, kama saa nne asubuhi, shangazi akaingia uani na mwanamume wa mkokoteni, mtu mzima mwenye mvi kidevuni na shati lililochanika kwapani. Shangazi ni dobi wa hospitali, mikono yake ina nguvu za kukamua blanketi. Alikuwa amevaa lile gauni lake la siku kubwa, la kijani lenye maua ya njano makubwa kama sahani, na ufunguo umelala kifuani juu ya ua moja.

"Wifi, hamjambo?"

"Hatujambo, wifi. Karibu gunia," mama akasema, akamsogezea mto wa kukalia.

"Sikai. Nimepata chumba kipya kule juu. Jirani yangu ana kabati la kioo, ananiuliza, nguo zako mama unaweka wapi? Nikamwambia langu liko kwa kaka yangu. Sasa nauliza tu. Kabati lipo?"

Mama alijibu kabla hajafikiri. Miaka yote ile mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Lipo."

Halafu akafumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na viatu limevaa.

"Umesikia," shangazi akamwambia mtu wa mkokoteni. "Lipo. Lipakie."

Mtu wa mkokoteni akatazama huku na huku. "Liko wapi, mama? Mimi naona chumba."

"Wifi," mama akasema taratibu, "wewe unajua lile kabati lilivyokuwa. Mchwa..."

"Najua sana. Nani asiyejua? Hata kuku wanajua. Lakini kila nikija nasikia kabati la kulalia, kabati la kuogea, kabati la kukorogea. Mama yangu amekufa akisikia kabati lipo. Ama lilikuwepo, ama ulikuwa unamdanganya kipofu. Chagua."

Nilimwona mama akinyooka. Mama yangu ni mtu mpole, lakini kuna mahali ukimgusa anakuwa kama ubao. Akafunga kanga kiunoni.

"Hakuna atakayesema nimekula kitu cha mkwe wangu," akasema. "Tuanzie la kulalia."

Baba ni mlinzi wa usiku. Asubuhi anaporudi hulala usingizi ambao ukimwamsha kabla ya saa tisa anakwambia tu jina lake na zamu yake, halafu anaendelea. Mama akamtikisa. Baba akasema, "Lango la nyuma, hakuna tatizo," akageukia ukutani.

"Huyu naye tumpakie?" mtu wa mkokoteni akauliza.

"Baba si kabati," nikasema mimi.

"Atateremka mwenyewe akifika," shangazi akasema. "Kaka yangu namjua tangu mdogo, halali chini. Shika kule."

Wakalibeba, mama na shangazi upande wa miguu, mtu wa mkokoteni upande wa kichwa, baba katikati amefunika uso kwa mkono. Walipompitisha mlangoni jua likampiga, akasema "Zima," wakamwekea kitambaa machoni. Wakamweka juu ya mkokoteni, barabarani, mbele ya watu wanaopita. Mama mmoja alisimama akauliza kwa huruma, "Anapelekwa hospitali?" Mtu wa mkokoteni akamjibu, "Hapana, hili ni kabati." Yule mama akaenda zake haraka.

Likafuata la kuogea. Ndani ya bafu alikuwemo mpangaji mwenzetu, fundi viatu, anaimba. Mtu wa mkokoteni akaanza kung'oa bawaba.

"Nani huyo?" fundi viatu akauliza.

"Tunachukua kabati," shangazi akasema.

"Chukueni, kwani liko huku?"

Mlango ukatoka. Fundi viatu akarukia pembeni, tukamsikia tu.

"Jamani, nimejipaka sabuni."

"Vumilia, jirani," mama akasema. "Huo mwavuli hapo ukutani, jistiri nao."

Mama alisahau. Mwavuli kwetu ulishachanika kitambaa siku nyingi, vimebaki vyuma vyake tu, tunaanikia soksi. Fundi viatu aliufungua.

"Mama," akasema kutoka ndani, "huu mwavuli uko uchi zaidi yangu mimi."

Nikampelekea shuka moja la gesti, nililokwisha kulishona. Nilimwomba asilitie povu. Wakati ule mwiko wa jikoni ulikuwa umeshapakiwa, ukawekwa ubavuni mwa baba, na kibao cha kufunikia mtungi, na kijiti changu cha kupimia, ambacho nimekichora mistari kwa kisu na kimeninyooshea pindo za mtaa mzima, vyote vya mbao ile ile. Nilikuwa nimerudi kwenye cherehani yangu na mguu nimeuweka kwenye pedali. Niliona wakija. Shangazi mbele, mtu wa mkokoteni nyuma anajifuta jasho, mama wa mwisho. Mama hakunitazama.

"Sasa hili," shangazi akasema.

"Mwanangu," mama akasema, macho yako dirishani, "nyanyua kichwa cha cherehani."

"Nina mashuka matatu, mama. Jumamosi."

"Nyanyua."

"Nitayashonea wapi?"

"Utashona kwa mkono," shangazi akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Mikono unayo. Mimi nimekamua blanketi miaka ishirini bila mashine."

Mashuka matatu kwa mkono, kutoka juu mpaka chini, mshono usionekane mgeni akilalia, mpaka Jumamosi. Nilijua haiwezekani na shangazi alijua. Lakini mtu akiwa mshona viraka anazoea kutazama nguo kabla ya mtu. Mtu wa mkokoteni aliposhika ukingo wa meza, mimi nilikuwa natazama lile gauni la kijani. Begani, upande wa kushoto, palikuwa na mstari wa vitundu vidogo vidogo, vimefumwa kwa uzi wa kijani, kimoja kila baada ya vidole vinne. Nilivifuma mwenyewe. Hakuna kitambaa cha gauni chenye vitundu vile. Vile ni vitundu vya pete.

"Shangazi," nikasema, "umevaa pazia."

Mtu wa mkokoteni akaachia meza.

"Nini?"

"Ulivyoniletea nikushonee, mama alisema anakuazima. Akasema, chukua pazia, uvae, siku nikilihitaji nitalidai. Nilikata mimi. Ni yale ya chumba cha bibi. Bibi alisema kabati lako, mapazia ya mama."

Mama akageuka kutoka dirishani. Nilimwona akilitazama lile gauni kama mtu anayeona mlango mahali alipodhani ni ukuta.

"Kweli," akasema. "Wifi, hilo ni pazia langu."

Shangazi akajishika kifuani. "Hili ni gauni."

"Ni pazia la kuvaa."

"Lina mikono. Pazia lina mikono?"

"Kabati lako lina baba wa watu juu yake," mama akasema. "Kama wewe unaondoka na lako, mimi nabaki na langu. Livue."

"Hapa?"

"Hapa hapa pana dirisha linalolingoja."

Shangazi naye ni ubao ule ule. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akapeleka mkono mgongoni, akaanza kufungua vifungo. Mtu wa mkokoteni akageukia ukuta akaanza kuusoma ingawa haukuandikwa kitu. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Nje tulimsikia baba akikoroma barabarani. Kifungo cha tatu, na shimizi ikaanza kuonekana, nyeupe, imepigwa kiraka na mkono wangu.

"Na hiyo ya ndani?" shangazi akauliza kwa uchungu. "Nayo yako?"

"Foronya," mama akasema kwa sauti ndogo. "Lakini foronya ulinunua mwenyewe."

Mkono wa shangazi ulikuwa kwenye kifungo cha nne. Nilikumbuka siku aliyokuja kulipima, alivyojigeuza mbele ya kipande chetu cha kioo, akasema toka aolewe hajawahi kuvaa kitu kilichokatwa kwa ajili ya mwili wake. Nadhani mama naye alikumbuka, maana alikuwepo, alishika pini.

Mama akafungua mdomo akaufunga. Akafungua tena. Ilikuwa kama kumwona mtu anajaribu kumeza kidonge bila maji.

"Wifi," akasema. "Funga gauni lako."

Shangazi akasimama vile vile, mkono mgongoni.

"Umesema nini?"

"Nimesema gauni. Gauni lako. Litaingia upepo."

Nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo likitoka kwa mama kwa kitu kilichotoka dirishani. Mtu wa mkokoteni hakujua kumetokea nini, lakini alivua kofia.

Shangazi akafunga vifungo vyake, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko aliovifungulia. Alipomaliza akaja mpaka kwenye cherehani, akaweka kiganja chake kile kipana juu ya ubao, pale palipokuwa na alama ya kitasa cha zamani.

"Meza nzuri," akasema.

Mama akakaa chini juu ya gunia.

"Na ile nje," shangazi akaendelea, anajikaza, "ile iliyobeba kaka yangu. Hiyo ni kitanda. Nimebeba mwenyewe, nina hakika."

"Na mlango," akasema fundi viatu kutoka bafuni. "Tafadhali, na mlango ni mlango."

"Mimi nilipatana kubeba kabati moja," mtu wa mkokoteni akasema. "Kabati nimelitoa. Hivyo vingine kuvirudisha ni safari nyingine."

Shangazi akamtazama kwa jicho la dobi. Akamvua shati alilovaa, hakumwomba, akanitupia. "Atakushonea kwapa. Rudisha."

Wakarudisha. Kitanda kilipopita mlangoni baba aliamka, kwa sababu kivuli kilimfikia ghafla. Akajikuta hewani, kando yake kuna mwiko.

"Mnalipeleka wapi kabati?"

"Kitanda," mama akasema.

"Kitanda kipi?"

"Hicho ulichokalia."

Baba akapapasa ubao. Akatutazama sote kwa zamu, akamwona mtu wa mkokoteni kifua wazi. "Nitauliza nikiamka," akasema, akajilaza.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeshavuta shuka la tatu na kuanza kulipasua. Lakini shangazi alikuwa bado amesimama karibu yangu, na macho yake yalikuwa chini ya meza.

"Na hii?"

"Hiyo ni droo," nikasema.

"Tangu lini?"

Nikamtazama mama. Mama akafikiri kwa haki, nilimwona anapima.

"Tangu mwanzo," akakubali. "Ilikuwa droo ya kabati. Haikukatwa, haikubadili kazi. Ni droo tu."

"Basi hii haijawa kitu kingine."

"Haijawa."

Shangazi akautoa ufunguo shingoni. Akainama, goti moja chini, maua ya njano yote yakakunjamana, akauingiza. Kitasa kile hakijawahi kufungwa tangu mchwa. Kilisaga, kikakataa, akatema mate kidogo kwenye ufunguo akajaribu tena, kikasema tak. Akauvuta ufunguo akaurudisha shingoni.

"Hii yangu," akasema. "Iache hapo hapo, kwangu nitaiweka juu ya nini? Lakini ni yangu."

"Shangazi, vifungo vyangu vimo ndani. Na bobini."

"Vitakaa salama."

Akaenda zake na mkokoteni mtupu nyuma yake, kanyooka, vitundu vya pete begani, kama hujui, vinaonekana mshono wa urembo tu.

Mashuka niliyamaliza Jumamosi kwa bobini moja iliyokuwa imebaki ndani ya cherehani na nyuzi nilizofumua kwenye pindo za mashuka hayo hayo. Moja lilikuwa na harufu ya sabuni ya fundi viatu. Mwenye gesti alilinusa akasema hilo ndilo analolipenda zaidi, yote yaje yananukia hivyo. Sasa nina mashuka ya gesti nzima, na fundi viatu nimemwambia asibadili sabuni.

Mama anajitahidi na majina. Anasema "leta nd..." halafu anasimama katikati ya chumba anatafuta kile kitu kinaitwaje. Jana alisema "kizoleo", akanitazama kama amenunua kitu cha ghali. Baba anadai tangu kile kitu kiitwe kitanda kimekuwa kigumu.

Na vifungo vyangu bado vinatumikia kifungo. Kila asubuhi, kabla sijaanza kazi, namsubiri shangazi apite akielekea hospitali kufua, anifungulie nitoe vya siku hiyo, halafu afunge tena. Mkono wake uko kwenye ufunguo kabla hajavuka kizingiti, na swali analiuliza akiwa bado uani.

"Mwanangu, droo yangu ipo?"

Nagonga ubao, ngo ngo ngo.

"Ipo, shangazi. Sikia."